Yesu Alipotamani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Luka 22:15: "Akawaambia, Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi kabla ya kuteswa kwangu."

Majuma mawili yaliyopita binti mmoja wa kikundi cha vijana alinifuata mlangoni baada ya ibada. Husoma Biblia ya Kiingereza kwenye simu, na neno "lust" lilikuwa likimsumbua, kwa sababu kamusi ilimpa maana moja tu, uchu wa ngono. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kutamani kuolewa nako ni "lust". Nilimjibu hapana, tukaagana. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliona jibu langu limekuwa jepesi mno kwa swali zito kama lile, basi nikakaa na hilo neno.

Zamani halikuwa neno chafu. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, "lust" lilikuwa raha, hamu, kupendezwa na jambo. Kijerumani kinalo neno hilohilo hadi leo, na mtu husema ana "Lust" ya kwenda kutembea, wala hakuna anayeona haya. Martin Luther alipofasiri Zaburi ya 1, yule mtu ambaye sheria ya Bwana ndiyo impendezayo alimwandika kuwa ana "Lust" na sheria ya Bwana. Hata Zaburi 37:4, tunakosoma "Nawe utajifurahisha kwa Bwana", amelitumia neno hilo. Nilipoona hivyo niliweka kalamu chini. Neno ambalo binti yule aliliogopa, wenzetu wanalisomea Zaburi!

Kiingereza nacho kimebakiza mabaki yake. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, upepo wa Yohana 3:8 huvuma "where it listeth", yaani upendako, na kitenzi hicho ni cha ukoo uleule. Mtu aliyelegea, asiye na hamu ya kitu chochote, huitwa "listless", aliyeishiwa na hiyo "lust" ya kale. Na katika Kumbukumbu la Torati 14:26 ya Biblia hiyo, Mungu mwenyewe anawaruhusu Waisraeli kutumia fedha ya zaka kununua chochote ambacho roho zao "lusteth after", wale mbele zake na kufurahi na jamaa zao. Kadiri neno lilivyozidi kutumika kwa tamaa za mwili zinazokemewa katika nyaraka za mitume, ndivyo maana zake nyingine zilivyosahaulika, likabaki la kitandani peke yake.

Kwetu sisi mambo ni tofauti kidogo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. "Tamaa" na "kutamani" tumezipokea zote kutoka Kiarabu, ingawa kwa asili si ndugu, kila moja ina mzizi wake. Tamaa imebeba ulafi, ndiyo maana wazee husema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini imebeba tumaini pia. Aliyevunjika moyo tunasema amekata tamaa, na tunakesha tukimwombea asiikate.

Sasa tuje kwenye Kigiriki cha Agano Jipya, maana hapa ndipo nilipoguswa zaidi. Kitenzi ni kimoja, epithumeo. Ndicho kilicho katika Mathayo 5:28, "Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani". Ndicho cha mwana mpotevu akitamani maganda ya nguruwe. Ndicho cha manabii na wenye haki waliotamani kuyaona yale ambayo wanafunzi waliyaona. Tena ndicho ambacho tafsiri ya kale ya Kigiriki ilikitumia katika amri ya kumi, usimtamani mke wa jirani yako, wala ng'ombe wake, wala punda wake. Ukisoma Mathayo 5 huku amri hiyo ikisikika nyuma yake, unaona Bwana anakemea nini: jicho linalomgeuza mtu kuwa kitu cha kuchukuliwa. Binti anayemwomba Mungu mume na nyumba yake mwenyewe hajanyang'anya kitu cha mtu.

Sisemi tamaa haiui. Kibroth-hataava, katika Hesabu 11, maana yake ni makaburi ya tamaa, na waliozikwa pale walikufa kwa uchu wa nyama, huku wakizililia samaki na matango ya Misri, nchi iliyowafanya watumwa. Yakobo naye anasema tamaa huchukua mimba. Nimewazika watu ambao mimba hiyo ilikomaa, na siwezi kulizungumza jambo hili kwa wepesi.

Lakini rudi Luka 22. "Nimetamani sana." Katika Kigiriki neno limerudiwa mara mbili, kwa kutamani nimetamani, namna ya Kiebrania ya kukaza neno. Mwokozi asiye na dhambi alikuwa na hamu mwilini mwake, ya mkate, ya kikombe, ya kukaa meza moja na rafiki zake usiku wake wa mwisho. Na mistari sita mbele anasema kwamba mkono wa atakayemsaliti u pamoja naye mezani. Aliujua mkono ule, na bado alitamani kula nao.

Jumapili nitamtafuta yule binti. Nitamwomba aketi, tuusome mstari huu pamoja, polepole, kwa Kiswahili na kwa hicho Kiingereza chake, maana mara ya kwanza nilimjibu nikiwa nimesimama.