Mtutu wa Inchi Ngapi? Hesabu kwa Mita za Umbali

Ukitaka kujua mtutu wa urefu gani unakufaa, usianze na inchi. Anza na umbali: mnyama wa mbali kabisa utakayekubali kumpiga atakuwa mita ngapi, au ubao wa shabaha utasimamishwa wapi. Wengi hufanya kinyume. Wakishasikia kwamba mtutu mrefu "una shabaha", hununua wa inchi 26, kisha huenda nao kwenye vichaka ambako nafasi ya kupiga haizidi mita 80.

Tulimalize kwanza hilo la shabaha. Urefu peke yake hauongezi usahihi, unaongeza kasi. Baruti ikiwaka, mgandamizo wa gesi hufika kileleni wakati risasi imesogea sentimita chache tu kutoka kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inayoshika ganda. Baada ya hapo gesi huendelea kutanuka na kuisukuma risasi, ila msukumo unapungua kadiri mtutu unavyorefuka. Ndiyo maana risasi ndogo ya .22 LR humaliza karibu faida yake yote kwenye inchi 16 hadi 18: baruti yake ni kidogo mno, na ukiipa mtutu mrefu zaidi, msuguano huanza kula kasi iliyopatikana.

Kuhusu usahihi, mtutu mfupi ndio wenye nafasi nzuri zaidi, kwa sababu ni mgumu kupinda. Kupinda kwa chuma kunafuata mchemraba wa urefu wake. Ukishusha mtutu wa unene uleule kutoka inchi 24 hadi 20, upindaji hupungua kwa takriban asilimia 42. Mtutu mwembamba na mrefu hutikisika sana risasi inapopita, na hupata joto upesi. Ndiyo maana kundi la matundu huanza kutawanyika kwenye risasi ya nne au ya tano. Ukiona bunduki ya mashindano ya inchi 30 inapiga matundu yanayogusana, unene wa mtutu na ubora wa chemba yake ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Kosa moja tu la usahihi linapungua kwa urefu, nalo ni kwa wanaotumia vilengeo vya chuma bila darubini: kilengeo cha mbele kikiwa mbali na cha nyuma, kosa dogo la jicho huwa dogo pia kwenye shabaha.

Sasa tuhesabu. Kwa .308 Winchester, risasi ya kawaida ya kuwindia, kila inchi unayokata huondoa kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Magnum kama .300 Winchester hupoteza mita 9 hadi 12, kwa kuwa ganda lake lina baruti nyingi na kipenyo cha mtutu ni kilekile. Risasi ya kuwindia ya .308 yenye uzito wa greni 168 (karibu gramu 11), ikitoka kwenye mtutu wa inchi 24, huondoka na takriban mita 820 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi 20 ni karibu 793. Umepoteza 27.

Namba hiyo haimwambii mwindaji kitu mpaka uigeuze kuwa umbali. Risasi hiyo, katika mita 300 za mwanzo, hupoteza kama mita 60 kwa sekunde kwa kila mita 100 inazosafiri. Kwa hiyo 27 ni sawa na mita 45 za ardhi. Tandala aliyesimama mita 250 mbele ya mtutu wa inchi 20 anapigwa kwa kasi ileile ambayo mtutu wa inchi 24 ungempiga nayo akiwa mita 295. Hiyo ndiyo gharama ya inchi nne. Kwa .300 Winchester gharama ya inchi nne ni kama mita 60 hadi 80.

Halafu jiulize kama mita hizo 45 unazitumia. Risasi nyingi za kuwindia zenye ncha laini huhitaji kumfikia mnyama zikiwa na kasi isiyopungua mita 550 kwa sekunde ili zifunguke vizuri. Zile za shaba tupu hutaka kama 600. Zikifika chini ya hapo hupita kama msumari, na mnyama hukimbia na jeraha jembamba. .308 yetu ya inchi 24 inafikia 550 ikiwa imevuka mita 450, na ya inchi 20 ikiwa imevuka mita 400. Mwindaji anayejali mnyama asiteseke ni nadra kufyatua zaidi ya mita 300, tena akiwa na fimbo za miguu mitatu na upepo ukiwa umetulia. Kwake yeye inchi 20 au 22 hazimnyimi kitu, na bunduki inakuwa fupi kwa sentimita tano hadi kumi kila anapopita kichakani au kushuka kwenye gari.

Uzito nao una hesabu yake. Mtutu wenye kipenyo cha milimita 19 una takriban gramu 47 kwa kila inchi. Inchi nne ni karibu gramu 190, na zote ziko mbele kabisa, mahali ambapo mkono unazihisi zaidi. Zikiondoka, bunduki inageuka haraka. Lakini usizidishe: bunduki nyepesi mno mbele huyumba mtu akiwa anahema baada ya kupanda kilima, na mwelekeo wake hukatika katikati unapomfuata mnyama anayetembea.

Kwa wanyama hatari, hesabu ya umbali karibu haina kazi. Tanzania inataka kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) isiyopungua .375 kwa wanyama kama tembo na nyati, na nyati hupigwa kwa kawaida ndani ya mita 100, mara nyingi karibu zaidi. .375 H&H yenye risasi ya greni 300 hutoka na takriban mita 770 kwa sekunde kwenye inchi 24. Ukiishusha hadi 22 unapoteza kama mita 15 tu, na nyati wa mita 60 hataijua tofauti hiyo. Hapa ningechagua inchi 22 hadi 24 na nisishuke zaidi. Uzito wa mbele husaidia kuzuia mdomo wa mtutu usiruke, na risasi ya pili inawahi.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka sana: masikio. Mtutu ukiwa mfupi, gesi hutoka ikiwa bado na mgandamizo mkubwa, na mlio unakuwa karibu zaidi na uso wako na wa mfuatiliaji nyayo aliye pembeni. Bunduki kubwa huvuka desibeli 160 mdomoni, na mlio wa ghafla unaovuka 140 tayari unaweza kuharibu masikio kwa mara moja. Ukifunga na breki ya mdomoni, kifaa cha kupunguza teke la bunduki, gesi inarushwa pembeni moja kwa moja kwa mwenzako. Mfuatiliaji ambaye amesimama hatua mbili kutoka kwenye .375 ya inchi 20 yenye breki anaumizwa kila siku ya kazi. Mpe vizibo vya masikio, na breki iache uwanja wa shabaha.

Pale ambapo sheria inaruhusu kizuia mlio, hesabu hubadilika. Kifaa hicho huongeza sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo mtutu wa inchi 24 unageuza bunduki kuwa fimbo ya kuvulia samaki. Wanaokitumia huchagua inchi 18 hadi 20. Mtutu unaochongoka, yaani unaozidi kuwa mwembamba kuelekea mbele, una faida hapa: ukiukata, mwisho wake mpya ni mnene zaidi, na chuma cha kuchongea skrubu ya kukishika kifaa hicho kinatosha.

Kwenye shabaha za mbali mambo yanageuka. Mpigaji hashuki garini wala hapiti kichakani, amelala chini. Na cha ajabu, kushuka kwa risasi si tatizo lake kubwa, kwa sababu mvutano wa dunia haubadiliki na darubini inazungushwa kwa klik, yaani hatua ndogo za kitufe chake, zinazojulikana. Anachopigana nacho ni upepo na mpaka wa kasi ya sauti. Risasi ikishuka karibu na mita 340 kwa sekunde hupita kwenye hewa yenye msukosuko, na ile ya mashindano ya greni 168 ya muundo wa zamani inajulikana kwa kuyumba hapo. Kwenye mashindano ya Palma, ambako .308 hupigwa yadi 800, 900 na 1,000, wapigaji hutumia risasi ya greni 155 na mtutu wa inchi 30. Inchi sita juu ya zile 24 huongeza kama mita 40 kwa sekunde, na hizo ndizo zinazoifikisha risasi kwenye yadi 1,000, yaani mita 914, ikiwa bado juu ya kasi ya sauti. Upepo nao hupata muda mfupi zaidi wa kuisukuma.

F-Class, mashindano ya kupiga mbali mtu akiwa amelala na bunduki imeegemezwa, ni vivyo hivyo: inchi 30 au 32, mtutu mnene, uzito wa juu ukiwa kilo 8.25 kwa daraja la F-TR na kilo 10 kwa F-Open. Wanaopiga mashindano ya kuhama kutoka kizuizi hadi kizuizi husimama kwenye 26 hivi, maana mtutu wa 30 ungewasumbua.

Ukitaka bunduki moja kwa kazi zote mbili, 6.5 Creedmoor ya inchi 24 ndiyo jibu langu. Risasi zake ndefu hukata hewa vizuri, kwa hiyo hazitegemei inchi sana.

Usiiamini namba iliyo kwenye boksi la risasi. Viwanda vingi hupima kwa mtutu wa inchi 24, baadhi ya magnum kwa 26, na mitutu miwili ya urefu mmoja inaweza kutofautiana kwa mita 15 kwa sekunde au zaidi kwa sababu ya chemba na kipenyo cha ndani. Piga risasi kumi kwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, chukua wastani.

Kupima urefu wenyewe: hakikisha bunduki haina risasi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, funga boliti, ingiza ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mpaka uguse uso wa boliti, weka alama, utoe na upime. Breki inayofunguka haihesabiwi.

Kabla ya kukata, muulize ofisa wa leseni. Bunduki yako imeandikwa, na nchi nyingi zina kikomo. Marekani, kwa mfano, mtutu wa rifle ulio chini ya inchi 16 unaingia kwenye sheria ya usajili maalumu ya mwaka 1934. Kisha mpelekee fundi bunduki mwenye kibali na mashine ya kukereza. Msumeno wa mkono unaacha mdomo umeinama, na gesi ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine inaisukuma risasi pembeni. Fundi akate akiacha milimita tatu, asawazishe uso, achonge taji (ukingo wa mdomo wa mtutu) lenye pembe ya nyuzi 11, na asafishe vumbi lote la chuma ndani. Ukiipokea, pitisha kijiti cha pamba kutoka ndani kwenda nje kuzunguka taji lote. Uzi wa pamba ukinasa mahali, kuna kingo iliyobaki. Irudishe kabla ya kufyatua hata risasi moja. Isiponasa, rudi uwanjani na kronografu, rekebisha darubini upya kwa mita 100, na ujaze jedwali jipya la klik kwa kupiga mita 200 na 300. La zamani lichane, lisije likabaki mfukoni mwa begi la bunduki.