Kazi za Bustani Kabla ya Masika

Nairobi haina majira ya kuchipua kama ya Ulaya; kwetu mwaka wa bustani huanza upya mwezi Machi, mvua za masika zinapokaribia, na kazi iliyo nzito hufanywa ardhi ingali kavu. Mwishoni mwa Februari nilitifua matuta yangu kwa jembe la meno, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kwa maana ile mbichi huunguza mizizi, jambo nililojifunza mwaka juzi kwa kupoteza tuta zima la mchicha. Mbegu za sukuma wiki nilizisia kitaluni mapema, ili miche iwe na majani manne au matano mvua itakapokolea, kisha niihamishe jioni, nikiacha sentimita 45 hivi kati ya mche na mche. Udongo wetu mwekundu hupitisha maji; wenzetu wa Embakasi, ambao udongo wao mweusi hutuamisha maji na kupasuka wakati wa kiangazi, hawana budi kuinua matuta na kuchimba mifereji. Jana asubuhi nilikuta mche wa nyanya umekatwa usawa wa ardhi, na nilipofukua kwa kidole, kiwavi wa kijivu alikuwa amejikunja pale pale shinani.