Kupima Uwazi wa Maji ya Ziwa Letu

Tangu nijiunge na wenzangu wanaojitolea kulinda maji ya ziwa letu, kazi ninayoipenda zaidi ni kupima uwazi wake kwa sahani ya Secchi, kifaa kilichotokana na majaribio ya padri na mtaalamu wa falaki Angelo Secchi mwaka 1865. Sahani hiyo, yenye kipenyo cha sentimita 20 na robo nyeusi na nyeupe zinazopishana, huteremshwa kwa kamba hadi isionekane tena, kisha kina hicho huandikwa. Ni kipimo rahisi, lakini kikirudiwa mahali palepale kwa miaka mingi hufichua mabadiliko ambayo kumbukumbu zetu haziwezi kuyahifadhi.

Kinachonihuzunisha ni fosforasi inayosombwa na mvua kutoka kwenye mashamba yenye mbolea, kwa kuwa hustawisha mwani, nao unapokufa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Ndiyo maana tunapanda nyasi na vichaka kando ya ufuo, ili vizuie udongo (ambao hubeba sehemu kubwa ya fosforasi hiyo) usifike majini. Nawasihi majirani wenye mashamba yanayopakana na ziwa wauache ukanda huo bila kuulima.