Pembe mbili za chini: nilivyoivuka levo iliyonikwamisha wiki tatu

Duka langu la vitenge lipo Tanga mjini, na kati ya saa nane na saa kumi mchana wateja huwa wa kuhesabu. Huo ndio muda wangu wa Candy Crush Saga, mchezo wa simu ambamo unavuta pipi kuibadilisha mahali na ya jirani yake, ili zipangike tatu au zaidi za rangi moja na kuvunjika. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 2012, lakini mimi nimeuanza juzijuzi tu, wifi yangu aliponiwekea kwenye simu, na nikaupenda kwelikweli. Levo za mwanzo, yaani hatua za mchezo, nilizipita mbio. Kisha nikafika kwenye moja ya jeli na chokoleti, nikakaa hapo wiki tatu.

Namba yake siitaji kwa sababu mpangilio wa levo hubadilishwa, na ukiitafuta leo huenda ukakuta kitu kingine kabisa. Yangu ilikuwa hivi: vyumba tisa kwa tisa, pipi za rangi zote sita, vipande viwili vya chokoleti katikati, jeli za tabaka moja zimetawanyika, na jeli za tabaka mbili kwenye pembe mbili za chini. Jeli haiondoki mpaka uvunje pipi iliyokaa juu yake, na ile ya tabaka mbili lazima uipige mara mbili. Zamu nilizopewa, yaani mara za kuvuta pipi, ni 30.

Ukishindwa unapoteza moyo mmoja, yaani nafasi moja ya kucheza. Mioyo ni mitano, na kila mmoja huchukua dakika 30 kurudi, kwa hiyo kuijaza yote unasubiri saa mbili na nusu. Nilikuwa naimaliza yote mitano kabla mtu wa kwanza hajaingia kuulizia bei, halafu nakunja vitenge huku nikiitazama saa.

Kucheza kwangu kulikuwa kwa macho tu. Nikiona tatu za rangi moja, navuta. Nikichelewa, mchezo unazitikisa pipi fulani kunionyesha, nami nafuata. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba zile pipi zinazotikisika ni njia mojawapo tu iliyo wazi. Hazikuambii kama inakusaidia kumaliza levo.

Jumamosi moja wifi alipita dukani, akavuta kigoda, akaniangalia nikishindwa mara tatu bila kusema neno. Kisha akauliza:

"Wifi, hapo umeshindwa wapi?"

"Zamu zimeisha."

"Zamu zinaisha kwa kila mtu. Jeli imebaki wapi?"

Sikuwa na jibu. Kila nikishindwa nilikuwa nabonyeza haraka nianze upya, wala siangalii nilichoacha.

Siku ile nikachukua daftari la madeni, nikachora vyumba tisa kwa tisa ukurasa wa nyuma. Kila niliposhindwa niliweka kitone mahali jeli iliposalia. Baada ya kushindwa mara 15 nilihesabu: mara 13 kulikuwa na kitone kwenye pembe ya chini, ya kushoto au ya kulia, na mara nyingine zote mbili. Katikati kulikuwa kweupe. Yaani nilikuwa natumia zamu zangu kusafisha mahali ambapo pangejisafisha penyewe.

Nikakaa na kalamu kutafuta sababu. Pipi iliyo katikati ya ubao inaweza kuingia kwenye tatu za kulala (zilizopangana kushoto kwenda kulia) kwa namna tatu, na kwenye tatu za kusimama (juu kwenda chini) kwa namna tatu, jumla sita. Pipi ya pembeni kabisa, kwenye kona, ina mbili tu: mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Ndiyo maana kona haifunguki kwa bahati. Lazima uiendee.

Silaha yake ni pipi yenye mistari, ile unayoipata ukipanga nne za rangi moja. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mistari inafuata upande ulikovuta kidole. Ukivuta pipi kutoka pembeni ikaingia katikati ya nne zilizosimama, mistari inakuwa ya kulala, na ikivunjwa inafagia mstari mzima wa kulala. Na hapa ndipo nilipofurahi peke yangu dukani: ukizipanga hizo nne kwenye vyumba vinne vya chini kabisa, zile tatu zinatoweka na pipi yenye mistari inadondoka mpaka mstari wa mwisho. Ukiivunja pale, inapiga kona zote mbili kwa mkupuo.

Kuhusu chokoleti nitasema kwa kifupi. Zamu ikipita bila kuvunja hata kipande kimoja, inameza pipi ya jirani na kuongezeka. Lakini ukiviua vyote, kwenye levo isiyo na kitu cha kuizalisha, hairudi tena. Kwa hiyo niliamua zamu tano za kwanza ni za chokoleti, ingali vipande viwili. Zamani nilikuwa naiacha mpaka imekula nusu ya ubao.

Siku niliyoivuka ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha, duka tupu. Chokoleti ilikufa zamu ya nne. Zamu ya tisa nikapata nne za bluu zimesimama chini, upande wa kushoto, pipi yenye mistari ikadondoka. Zamu mbili baadaye nikaivunja, na mstari wa chini wote ukafagiwa. Tabaka la kwanza la kona zote mbili likaondoka. Nikaendelea kusafisha juu taratibu, jicho likiwa chini. Zikiwa zimebaki zamu sita, kona ya kushoto ikafunguka kwa tatu za kusimama. Ikabaki ya kulia peke yake.

Zamu tatu. Mstari wa pili kutoka chini, karibu na ukingo wa kulia, nilikuwa na pipi yenye mistari, na ubavuni mwake ile iliyofungwa, inayopatikana ukipanga tano kwa umbo la L au T. Simu ilikuwa inanionyesha tatu za njano huko juu. Sikuzigusa. Nilizibadilisha zile mbili mahali, zikafagia mistari mitatu ya kulala na mitatu ya kusimama kwa pamoja, na jeli ya kona ikayeyuka. Zamu mbili zilizosalia zikageuka pipi maalumu, zikalipuka zenyewe. Nilipiga kelele mpaka jirani wa duka la viatu akachungulia.

Nilimtumia wifi picha ya kioo cha simu. Akajibu, "Sasa chora ya leo."

Levo niliyopo sasa nimeshaichorea ukurasa wake. Ina vitone vinne, vyote upande wa kulia juu.