Nacho za steki kali ya kuchoma, kavu hadi chipsi ya mwisho

Nacho, yaani chipsi kavu za mahindi zinazofunikwa kwa jibini, zikiharibika, mara nyingi mkosaji ni maji. Nyanya zina maji, nyama ina maji, jibini ina maji, na chini ya yote hayo kuna kipande chembamba cha mahindi ambacho kazi yake ni kubaki kikavu. Nilipoamua kuzitengeneza nyumbani kwa steki ya kuchoma na pilipili ya kutosha, nilijiwekea sharti moja: hakuna kinachopanda kwenye trei kabla hakijapunguziwa maji.

Mfano wangu ulikuwa sahani ya kwanza kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika mji wa Piedras Negras nchini Meksiko, ng'ambo ya mto kutoka Eagle Pass ya Texas, Ignacio Anaya, ambaye wenzake walimwita Nacho, aliwaandalia wageni wa Kimarekani tortila, yaani chapati nyembamba za mahindi, zilizokatwa vipande na kukaangwa, akazinyunyizia jibini, akazipasha moto, kisha akaweka juu yake vipande vya pilipili jalapeño za siki. Basi. Hakukuwa na rojo wala mlima wa vitu. Ule mchuzi wa jibini wa rangi ya chungwa unaomiminwa kwenye viwanja vya michezo ulikuja baadaye, miaka ya 1970, huko huko Texas, na kwa upande wangu ungebaki huko huko.

Nyama niliyochagua ni ile bapa ya tumboni mwa ng'ombe, chini ya mbavu, yenye nyuzi ndefu zinazoonekana kwa macho. Si laini kama fileti, lakini ladha yake ni nzito zaidi. Fileti kwenye nacho ni kuipoteza tu: ukishaifunika kwa jibini na pilipili, nani atajua? Kipande cha gramu 700 kinawatosha watu wanne wenye njaa. Usiku wa kuamkia siku ya kupika nilikipaka chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa pande zote, nikakilaza juu ya wavu ndani ya friji bila kukifunika. Chumvi huvuta maji nje, kisha maji hayo yenye chumvi hurudi ndani ya nyama polepole, na hewa ya friji hukausha uso wake. Asubuhi nyama ilikuwa imekolea rangi, na nilipoigusa kidole hakikulowa. Nyama iliyolowa huanza kwa kuchemka, si kuchomeka. Ile rangi ya kahawia na harufu inayowatoa watu vyumbani huja uso wa nyama unapofika kwenye nyuzi joto kama 140 za Selsiasi na kuendelea, na hapo hapafikiki mpaka maji yaishe, maana maji huishia 100.

Kwenye pilipili ndipo ninapoachana na mapishi mengi. Wengi huloweka nyama kwenye rojo la pilipili, kitunguu saumu na ndimu kwa saa nyingi. Rojo hilo haliingii ndani zaidi ya milimita chache, ndimu ikikaa sana huufanya uso wa nyama kuwa tepetepe, kitunguu saumu huungua na kuwa kichungu, na pilipili ikidondokea kwenye makaa moshi wake utakufukuza jikoni ukikohoa. Mimi nilipeleka ukali mwishoni. Kabla ya moto nyama ilipata mafuta kidogo, pilipili manga na binzari nyembamba ya kusaga. Pilipili yenyewe ilisubiri pembeni kama rojo zito.

Rojo hilo lilinichukua muda kuliko kitu kingine chochote, na sijutii. Nilichukua pilipili kavu aina ya guajillo, nikatoa mbegu, nikazikaanga kwenye kikaango kikavu sekunde chache tu kila upande, mpaka zikanukia. Zikibadilika kuwa nyeusi, tupa uanze upya. Uchungu wake hautoki. Nikaziloweka kwenye maji ya moto dakika 20, nikazichuja vizuri, nikazisaga pamoja na chipotle mbili za kopo na punje nne za kitunguu saumu. Chipotle ni jalapeño iliyoiva, ikakaushwa kwa moshi, kwa hiyo inaleta harufu ya moto hata kwa anayetumia jiko la gesi. Ukali wake ni wa wastani: kwenye kipimo cha Scoville jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, wakati habanero huanzia kama 100,000. Anayetaka machozi aongeze robo ya habanero mbichi, avae glavu, na akitaka kupunguza ukali aondoe ule utando mweupe wa ndani. Ndiyo wenye ukali. Mbegu zinasingiziwa kwa sababu zimeushikilia. Nilikaanga rojo langu kwenye vijiko vitatu vya mafuta kwa moto mdogo hadi mafuta yakaanza kujitenga pembeni. Hiyo ni dalili kwamba maji yamekwisha, na ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo unasambaa sawasawa badala ya kukutandika kwenye tonge moja na kukusahau kwenye linalofuata.

Makaa niliyarundika upande mmoja wa jiko, upande wa pili nikauacha wazi. Nyama ilikaa juu ya moto mkali kama dakika tatu kila upande, kisha nikaisogeza upande usio na makaa mpaka kipimajoto kiliposoma 55 katikati. Mamlaka za chakula za Marekani hushauri nyuzi 63 na kuiacha itulie dakika 3. Anayelisha watoto wadogo au wajawazito afuate hiyo. Mimi niliitoa mapema kwa sababu ilikuwa bado na safari ya oveni. Ikakaa juu ya ubao dakika nane. Maji yaliyotoka hapo sikuyaacha yaguse chipsi. Niliyakusanya nikayamwaga kwenye rojo la pilipili, nikalirudisha jikoni kidogo likaze tena.

Kukata kuna umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwanza vipande vyembamba vya kukatisha nyuzi, kisha kila kipande nikakikata tena kuwa vijidonge vya ukubwa wa ncha ya kidole. Kipande kirefu kwenye nacho ni usumbufu: unauma, nyama haikatiki, inaondoka na jibini yote. Vijidonge nikavichanganya na vijiko viwili vikubwa vya rojo na matone ya ndimu. Vilipaswa kung'aa, si kuogelea.

Chipsi nilikaanga mwenyewe kutoka kwenye tortila za mahindi zilizolala, zilizokatwa vipande sita sita, kwenye mafuta ya nyuzi 180. Ukitazama mapovu utajua: ni mvuke unaotoka, na yakipungua sana chipsi imekauka. Chumvi hapo hapo. Wa kununua achague nene, kisha azipitishe kwenye oveni dakika tano kabla ya kupanga. Anayetaka kutengeneza tortila zenyewe atafute unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kwa sababu unga wa kawaida haushikani vizuri.

Jibini kwaruza mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa hupakwa wanga au nyuzinyuzi ili isigandane, na ndiyo maana haiyeyuki kwa ulaini. Nilichanganya Monterey Jack na cheddar changa, gramu 300 kwa jumla. Cheddar iliyokomaa sana hutoa mafuta na kubaki na mapunje.

Kupanga: chipsi safu moja, zikigusana kingo tu. Robo tatu ya jibini juu yake, oveni ya nyuzi 200, dakika nne hivi. Jibini iliyoyeyuka inakuwa koti la mvua kati ya mahindi na nyama. Kisha nyama, jibini iliyobaki, vipande vya jalapeño za siki nilivyovikausha kwa karatasi za jikoni, na kurudi ndani dakika mbili. Maharage sikuweka. Nayapenda, ila hapa yanakuja na unyevu mwingi bila kuongeza kitu ambacho nyama haijaleta.

Nyanya nilizitoa mbegu, nikazikatakata, nikazitia chumvi na kuziacha kwenye chujio robo saa. Maji yaliyotoka yalijaza nusu kikombe, na yote hayo yangekuwa chini ya trei. Kitunguu, kotimiri, ndimu, zikanyunyizwa juu dakika ya mwisho. Parachichi lilipondwa na chumvi, halina hadithi.

Krimu chachu iliwekwa kwenye bakuli pembeni, kila mtu achovye mwenyewe. Ndiyo pia dawa ya aliyezidiwa: protini ya maziwa hushika ukali na kuuondoa ulimini, ilhali maji ya kunywa huusambaza mdomo mzima. Mgeni mmoja alikimbilia maji licha ya kuambiwa, akarudi kwenye krimu bila kuambiwa tena.

Nyama iliyobaki na rojo lake viliingia kwenye mayai kesho yake. Chipsi hazikubaki, na hata zingebaki nisingezirudisha kwenye mashine ya kupashia, kwa maana mvuke wa nyama ungeingia moja kwa moja kwenye mahindi. Kama una watu wengi, gawa trei mbili ndogo na uingize ya pili kwenye oveni wakati ya kwanza bado inaliwa.