Uganda ndio wapinzani wetu wa kweli, na sio kwa mpira peke yake

Kila watu wakianza kubishana kuhusu upinzani wa michezo huku Afrika Mashariki stori inaishia Kenya na Ethiopia kwa mbio, ama inakuwa ni Simba na Yanga, na mimi hushangaa sana manake hakuna upinzani mtamu na unaouma kama wetu na Uganda. Hawa majirani tunakutana nao kila mahali. Mpira wapo, raga wapo, kriketi wapo, na siku hizi hata kwa mbio ambazo sisi Wakenya tulizoea kusema ni zetu, wapo na wanatutangulia.

Na haujaanza juzi. Kombe la Gossage la mpira lilianza 1926 na timu zilikuwa mbili tu, sisi na wao, Tanganyika na Zanzibar walikuja kujiunga miaka mingi baadaye, na hilo kombe ndilo likaja kugeuka likawa CECAFA Challenge Cup, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Sasa kwa Challenge Cup Uganda wamebeba mara 15, sisi 7. Mkenya akianza kuniambia vile sisi ndio wakubwa wa ukanda huu mimi humtajia tu hizo namba mbili.

Lakini mechi yenyewe ya huu upinzani ukiniuliza ni ya uwanja wa Namboole, Kampala, Oktoba 2011. Uganda walikuwa hawajaenda AFCON tangu 1978, ule mwaka walifika fainali wakafungwa na Ghana, na sasa walikuwa wanahitaji kitu kimoja tu, kumfunga Kenya nyumbani kwao. Uwanja ulijaa mpaka basi. Walishambulia mwanzo mwisho na kila mpira ukifika golini kuna kipa wetu Arnold Origi, anapangua, anadaka, anaruka, yaani ilikuwa moja ya zile siku kipa hapitiki. Ikaisha 0-0, Angola wakashinda mechi yao kule Guinea-Bissau wakachukua nafasi. Mimi ile sare niliifurahia kuliko ushindi mwingi tuliopata, lakini ukiangalia nyuso za wale mashabiki kwa TV pia ilikuwa inauma, watu wazima wanalia. Walingoja hadi 2016 ndio Farouk Miya akawafungia lile bao dhidi ya Comoros, wakarudi AFCON baada ya miaka 38 hivi. Na cha kushangaza ni kwamba wachezaji wao tunawajua kama wa kwetu, Dan Sserunkuma, Godfrey Walusimbi, Khalid Aucho, hao wote wamevaa jezi ya klabu yetu ya Gor Mahia na tumewaimbia majina yao wikendi baada ya wikendi, alafu ikifika mechi ya taifa unawaombea wakosee.

Sasa tuje kwa mbio, hapa ndio roho yangu iko.

Mlima Elgon uko nusu kwetu nusu kwao. Upande wa Kapchorwa na Kween kuna Wasebei, upande wetu kuna Wasabaot, na hao ni watu wamoja, lugha karibu ni ile ile, hewa ni ile ile, vilima ni vile vile, mpaka tu ndio uliwakata. Kwa hivyo wakati Mganda Stephen Kiprotich alipowaacha Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang kwa marathoni ya Olimpiki London 2012, zimebaki kama kilomita tano, akachomoka na hawakumuona tena, mimi sikuona ajabu yoyote. Huyo alikuwa anafanya mazoezi huku kwetu Eldoret! Alishinda kwa 2:08:01, na Uganda walikuwa hawajaona dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua 1972.

Alafu kuna Kololo 2017, mbio za nyika za dunia, pale katikati ya Kampala. Joshua Cheptegei anaongoza, amewaacha wote, watu wake wanapiga kelele mpaka huwezi kusikia mtangazaji, na kwa mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Ghafla tu. Anayumba, anakimbia kama mtu anayetembea usingizini, na Geoffrey Kamworor wetu akampita akaenda kuchukua dhahabu. Cheptegei akamaliza wa 30. Mimi ni Mkenya na nilitaka Kamworor ashinde, lakini ile haikuwa rahisi kuangalia. Miaka miwili baadaye kule Aarhus, Denmark, njia yenyewe inapanda juu ya paa la makumbusho, Cheptegei akashinda, wa pili Mganda mwenzake Jacob Kiplimo, wa tatu Kamworor. Na taji la timu la wanaume pia wakabeba. Hicho kisasi kilikuwa safi, na Kamworor hakuwa na la kulalamika.

Na Kiplimo na Kibiwott Kandie wetu je? Oktoba 2020 kule Gdynia Kiplimo akamshinda Kandie nusu marathoni ya dunia. Desemba mwaka huo huo Kandie akamlipa Valencia na rekodi ya dunia, 57:32. Novemba 2021 Kiplimo akaenda Lisbon akakimbia 57:31. Sekunde moja! Na usisahau Mganda Peruth Chemutai, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Tokyo, ile mbio yenyewe tunayoiita ya Kenya.

Kriketi ndio inaniumiza zaidi. 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, nchi nzima ikajifunza jina la Steve Tikolo. 2023 kule Windhoek Uganda wakafuzu Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi ya ova 20, na sisi tukiwa kwenye mashindano hayo hayo, tukarudi nyumbani mikono mitupu, na wao wakaenda 2024 wakawafunga Papua New Guinea, Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 akarusha ova zake nne, yaani mipira 24, akatoa rani (pointi) nne tu. Tikolo mwenyewe aliwahi kuwafundisha. Ujuzi ulivuka mpaka ukakaa huko, na chama chetu kilikuwa bize na siasa.

Netiboli sitaongea mengi, She Cranes, timu ya taifa ya Uganda, wako dunia nyingine, walimaliza wa tano Kombe la Dunia 2023. Voliboli ya wanawake ni yetu, Malkia Strikers wameshaenda Olimpiki mara nne. Raga kuna Elgon Cup, kombe letu na wao, nyumbani na ugenini, tumeishinda mara nyingi zaidi lakini Kampala hakunaga mechi rahisi.

Sasa AFCON 2027 tunaandaa pamoja, sisi, Uganda na Tanzania. Mimi sitaki mambo ya kupongezana wenyeji kwa wenyeji. Nataka robo fainali, Namboole, Harambee Stars yetu na Cranes yao, na safari hii wote wawili wawe na kitu cha kupoteza.