Lassi ya Punjab, chaas ya Gujarat

Nilipokuwa Amritsar, mji wa jimbo la Punjab nchini India, nilinywa lassi ya mtindi mzito uliopigwa kwa sukari, ikaletwa katika bilauri ndefu ya stili huku juu yake umetandazwa utando mnene wa malai, yaani krimu ya maziwa, hata nikalazimika kuanza kwa kijiko. Ile ni shibe, si kinywaji cha kusindikizia chakula. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, inaiweza zaidi chaas ya jimbo la Gujarat, ambayo mtindi wake huzimuliwa kwa maji mengi, kisha hutiwa chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta na kusagwa, hivyo huteremka vizuri baada ya mlo wenye samli nyingi. Watu wa Kerala, kusini mwa India, huongeza tangawizi na pilipili mbichi katika mtindi wao mwepesi, uitwao sambharam, nami hapo ndipo nilipoomba bilauri ya pili.